Bawaba Zilizolegea

Katika vyombo vyote vya nyumbani, sijui kama kipo kinachotumikishwa sana na kushukuriwa kidogo kama bawaba. Wewe, msomaji, umefungua mlango leo, labda na kabati pia. Lakini hukuyakumbuka yale majani mawili ya chuma yaliyoshikwa pamoja na kijiti kimoja. Bawaba haikumbukwi mpaka ilegee. Na ikilegea, wengi wetu hudhani dawa yake ni moja tu, nayo ni kukaza.

Nataka nikueleze kwa nini dawa hiyo mara nyingi si dawa, na mfano wangu ni kabati lililo ndani ya gari. Usistaajabu. Yako magari yenye kitanda, meko na kabati, ambayo watu wa Ulaya na Marekani husafiri nayo wakati wa likizo, wakalala humo humo. Nchini Ujerumani kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kuyatia magari ya Volkswagen samani za kambi. Na mji wa Elkhart, katika jimbo la Indiana huko Marekani, una sifa kwa viwanda vyake vya magari haya. Kwetu Kenya si mengi. Baadhi yake ni magari ya kawaida ya safari, yaliyotiwa vitanda na kabati na maseremala wetu. Mjomba wangu analo moja la namna hiyo. Alilinunua kwa malipo yake ya kustaafu, naye hulikodisha kwa wageni waendao kaskazini, akiliendesha mwenyewe. Gari hilo ndilo shamba lake.

Kati ya Maralal na Baragoi, mlango wa kabati la juu ulichomoka bawaba zake gari likiwa mwendoni. Chungu cha chuma kikaruka, kikaanguka juu ya kiti shubiri moja kutoka kichwa cha mtoto wa wageni aliyekuwa amelala. Mtoto hakuamka. Mama yake, ambaye alikuwa macho, hakusema neno mpaka jioni, ndipo akasema kwamba familia yake ingerudi Nairobi kwa gari lingine.

Mjomba alipolileta gari nyumbani kwangu, mlango ule ulikuwa umekwisha kutengenezwa mara mbili na mafundi. Wa kwanza alitia parafujo nene zaidi katika matundu yale yale. Wa pili alipigilia misumari. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani.

Hebu fikiri. Parafujo hushika kwa hesi zake, yaani ile mizunguko yenye makali ambayo huuma ndani ya mti. Barabara ya changarawe ina mawimbi madogo yaliyopangana kama bati la paa, na kila wimbi huutikisa mlango. Mlango umeshikwa upande mmoja tu. Kwa hiyo uzito wake huivuta nje bawaba ya juu na kuisukuma ndani ile ya chini. Ubao wa kabati lile nao haukuwa mti mzima, bali vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi. Hesi zikichezacheza humo, husaga kila zinachokishika kikawa unga. Ukikaza, parafujo inazunguka tu, nawe unaongeza unga.

Kabla ya kugusa bawaba nilitazama komeo. Ulimi wake ulikuwa umelika, hauingii sawasawa katika kishikio, hata mlango ukawa unapigapiga njia nzima. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Bawaba zilikuwa zikiadhibiwa kwa kosa la komeo. Kisha nikatazama mzigo. Vyungu vya chuma vilikuwa juu, mikate na majani ya chai chini.

“Mwalimu,” mjomba aliniambia, “tia parafujo ndefu tumalize.”

“Mjomba, ubao huu una unene wa milimita 15. Parafujo ndefu itatokeza ndani ikachane mikono ya wageni.”

Akacheka, akanishikia taa.

Chuoni niliposomea ualimu tulifundishwa kazi za mikono, na somo hilo nalishukuru kuliko mengine yaliyokuwa na heshima kubwa zaidi. Niling'oa misumari, nikakwangua unga wote uliolegea matunduni mpaka nikafikia ubao mgumu. Nilikata vipande viwili vya mvule, nikavigandisha kwa gundi upande wa ndani, nyuma ya mahali pa bawaba, nikavibana kwa jiliwa. Matundu ya zamani niliyajaza vigingi vilivyopakwa gundi. (Nyumbani, kwa mlango mwepesi, hata njiti za kiberiti zenye gundi zafaa, garini sizitegemei.) Nikaacha vikauke usiku kucha, ingawa mjomba alitaka kuondoka jioni ile. Gundi haijui haraka ya mtu.

Asubuhi nilisawazisha vigingi kwa patasi, nikatoboa kwa keekee matundu membamba, upana wa shina la parafujo bila hesi zake, ili hesi zipate mti mpya wa kuuma. Parafujo zikapita ubao zikaingia katika mvule bila kutokeza. Nilizikaza kwa bisibisi ya mkono, maana mkono huhisi mahali pa kukoma. Komeo tulinunua jipya, tena la kubana kwa chemchemi. Vyungu vikashuka chini, mikate ikapanda.

Kisha tukaliendesha gari katika njia mbovu ya kwenda mtoni, mjomba usukanini, mimi nimekaa nyuma nikisikiliza. Vikombe vililia, kiti kililia, mlango haukulia. Tuliporudi nilijaribu parafujo zote nane, na hakuna iliyokubali hata robo ya mzunguko. Jumatatu alfajiri mjomba aliondoka na wageni watatu kwenda Baragoi, bisibisi yangu ikiwa katika mfuko wa mlango wa dereva.