Vyombo vya Anga vya Karatasi

Sisi tuliokulia Malindi miaka ya 1980 tulilijua jina la San Marco kabla ya kuyajua majina ya sayari. Kaskazini ya mji, mbele ya Ngomeni, majukwaa mawili ya chuma yalisimama baharini: San Marco, lililorushiwa roketi, na Santa Rita, walikokaa waongozaji. Ulikuwa mradi wa Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio. Wazee waliovua upande ule walisimulia moshi na kishindo cha roketi kama watu wanavyosimulia harusi kubwa waliyohudhuria. Masimulizi hayo ndiyo yaliyonitia katika kazi ya kuunda vyombo vya anga kwa karatasi, kazi ambayo sijaiacha.

Roketi zetu za kwanza zilikuwa za maboksi ya viatu na manila iliyobaki shuleni. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Mabawa ya kunasa jua tuliyafunika kwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Vipimo vilikuwa vya macho. Picha moja ya gazeti, tena imepigwa kutoka upande mmoja, ndiyo iliyokuwa mwongozo wote, na upande wa nyuma kila mtu aliujaza kwa mawazo yake. Vilikuwa vitu vya kuchezea, na vilitufurahisha sana, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini chombo kina umbo lile.

Aliyetuvusha hapo ni mwalimu wetu wa hesabu. Siku moja alitupa swali: karatasi ni bapa, nayo Sputnik ni mviringo kama dunia yenyewe, mtaifanyaje? Kisha akatupa vipimo. Setilaiti hiyo ya kwanza, iliyorushwa na Wasovieti tarehe 4 Oktoba 1957, ilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 58, na antena nne, mbili za mita 2.4 na mbili za mita 2.9. Tukaigawa kwa kumi. Tufe la sentimita 5.8 lina mzunguko wa sentimita 18.2, kwa hiyo ukilifunika kwa vipande 12, kila kipande kitakuwa na upana wa sentimita moja na nusu katikati, kitapungua taratibu hadi kuwa ncha kali juu na chini, na urefu wake utakuwa sentimita 9.1. Ukivibandika ubavu kwa ubavu, karatasi inajikunja yenyewe kuwa tufe. Antena tulizikata kutoka kwa spoki za baiskeli, ambazo urefu wake ulitosha.

Tangu siku ile sikukisia tena. Nilijifunza kuacha ndimi za kubandikia pembeni mwa kila kipande, kupitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari kabla ya kukunja ili kunjo liwe kali, na kupaka rangi kingo zilizokatwa ili weupe wa karatasi usionekane. Kwetu pwani kuna adui mwingine tena, unyevu wa bahari. Msimu wa masika karatasi hulegea na mabawa marefu huinama, na dawa yake ni vanishi nyepesi na vijiti vya mshikaki vilivyofichwa ndani.

Kisha zikaja kompyuta. Saiba zilipofunguliwa mjini, niligundua kwamba dunia nzima ilikuwa na watu wa kazi hii. Poland ilikuwa na jarida la Mały Modelarz, lililoanza kuchapisha miundo ya karatasi mwaka 1957, mwaka uleule wa Sputnik. Maabara ya JPL kule California, inayoendesha vyombo vingi vya NASA vya kwenda kwenye sayari, ilikuwa imetoa bure michoro ya kukata ya vyombo vyake kwa ajili ya shule. Nilichapisha mchoro wa chombo kimoja, Voyager. Wino wa printa za kawaida ulitawanyika gundi ilipougusa, kwa hiyo nikawa natoa nakala kwa mashine ya fotokopi, ambayo wino wake haulowi.

Voyager ilinifunza kuliko vitabu. Mwili wake una pande kumi, na juu yake kuna sahani ya antena ya mita 3.7, pana kuliko kitu kingine chochote kilicho mwilini humo, kwa sababu inazungumza na dunia kutoka mbali mno. Mkono wa kupimia sumaku una mita 13. Unapouunganisha, ukaona unavyotaka kuangusha kila kitu, huna budi kuuliza kwa nini waliurefusha hivyo. Jibu ni kwamba chombo chenyewe kina sumaku yake, na kipimo lazima kikae mbali nayo. Mitambo ya umeme wa nyuklia nayo iko upande mmoja, kamera upande wa pili, ili mionzi isiziharibu. Mambo haya huyaelewi kwa kusoma kama unavyoyaelewa ukiwa na kipande mkononi, unatafuta mahali pake.

Hata hivyo kuna kitu kilipungua, nami nilikiona kwa vijana niliokuwa nikikaa nao Jumamosi. Mchoro ukiwa tayari, mtoto anakata, anakunja, anabandika, na jioni ana chombo safi cha Cassini mezani. Umuulize mzunguko wa sahani yake ya antena ni kiasi gani, hajui, kwa sababu hakuuhitaji. Mimi nilitaka wapate vyote viwili: usahihi wa michoro ya kuchapwa na ile hesabu ya mwalimu wetu. Njia ikawa ni kuchagua chombo ambacho hatukuwa na mchoro wake. Na chombo hicho kiliruka kutoka kwetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, naye ndiye aliyeipa jina Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Wamarekani walikuja kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta: mzunguko wa dunia huko huisukuma roketi zaidi, na njia ya setilaiti inakwepa eneo la Atlantiki ya Kusini lenye mionzi mingi inayovuruga vipimo. Uhuru ilipima anga yote hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vikasaidia kuthibitisha kwamba mashimo meusi yapo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Watoto wa Malindi wanazaliwa na kukua bila kuliona umbo la chombo hicho. Tukakaa chini tukalichora. Mwili ni mcheduara wa kipenyo cha sentimita 56 na urefu wa 116, wenye mabawa manne ya jua. Ukiugawa kwa kumi, ngozi yake ni mstatili wa sentimita 17.6 kwa 11.6, nao unaenea kwenye karatasi moja ya A4. Madirisha ya vipima eksirei ni mawili, moja kila upande, yanatazama pande zinazopingana, maana chombo kilizunguka polepole, kama dakika 12 kwa mzunguko mmoja, na kila dirisha lilifagia anga kwa zamu yake. Binti mmoja aliuliza kwa nini madirisha yapeane mgongo, akajijibu mwenyewe kabla ya gundi kukauka.

Tangu hapo mambo yamesogea mbele zaidi ya nilivyotarajia. Mei 2018 setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kwa hiyo muundo wake wa karatasi haupunguzwi kamwe: unachokishika mkononi ni ukubwa halisi. Aprili 2023 ikafuata setilaiti nyingine, Taifa-1. Kizazi changu kilipunguza vyombo vya wengine ili vienee mezani. Vijana wa leo wanaunda cha kwao kwa kipimo cha moja kwa moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa hesabu na sayansi wa pwani, na wa bara pia, ni hili: msianze na mchoro uliokwisha kuchapwa. Wapeni wanafunzi vipimo vya Uhuru nilivyovitaja hapo juu, bikari, rula na manila, muwaache wachore wenyewe. Ule wa kuchapwa uje baadaye.