Njia 35 za Kufika Kona

Mesaimeer, kusini mwa jiji la Doha, Ijumaa ni siku ya mapumziko. Tangu kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Rozari lilipofunguliwa huko mwaka 2008, siku hiyo eneo hujaa waumini wa mataifa mengi, Wakenya, Waganda na Watanzania wakiwemo. Mwandishi wa kumbukumbu hii, Mtanzania aliyehamia Doha kikazi, aliitenga Ijumaa jioni kuwafundisha hisabati watoto wa jamaa na majirani, mezani kwake, kwa Kiswahili.

Yeye mwenyewe alisoma kwa namna nyingine. Shule ya msingi alijifunza pembetatu, mzingo na KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza, masomo yote, isipokuwa Kiswahili, yakageuka Kiingereza. Vekta alizikuta kidato cha nne, zikiwa ndani ya kanuni za kukariri. Enzi hizo kikokotoo hakikuruhusiwa katika mtihani wa taifa wa Hisabati, hivyo mwanafunzi alitegemea kitabu cha logi, rula, bikari na kichwa chake. Kanuni kwanza, maswali baadaye: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoanza kufundisha Mesaimeer.

Mwaka 2014 ikatoka Photomath, programu inayosoma swali kwa kamera ya simu na kuonyesha jibu pamoja na hatua zake. Watoto waliifahamu kabla ya wazazi wao. Mwalimu aliyezoea kuanza na kanuni akajikuta anagawa kitu ambacho kila mtoto anacho mfukoni.

Ndipo alipoanza kuwapa swali bila kanuni yoyote. Chukulia barabara za mtaa zinakatana kwa pembe mraba, na vipande kati ya kona vina urefu sawa. Unatoka kona ya kusini-magharibi, unakwenda vipande 4 mashariki na 3 kaskazini, bila kurudi nyuma. Kuna njia ngapi?

Binti mmoja alichora barabara zote kwa rula, akaanza kuandika namba kwenye kila kona. Pembezoni, upande wa kusini na wa magharibi, aliandika 1, kwa kuwa kona hizo zina njia moja tu. Kona ya ndani hufikiwa kutoka magharibi au kutoka kusini, basi alijumlisha namba hizo mbili: 1 na 1 ni 2, 2 na 1 ni 3. Alipofika kona ya mwisho alikuta 15 upande mmoja na 20 upande mwingine. Akaandika 35, bila kuambiwa kanuni ya mipangilio wala kugusa simu.

Mpangilio huo wa namba ulijulikana kwa al-Karaji, mwanahisabati wa Baghdad, takriban miaka 1000 iliyopita. Ulaya ukapewa jina la Blaise Pascal, ambaye kitabu chake juu ya mpangilio huo kilichapishwa mwaka 1665. Watoto walifurahi kusikia kwamba namba walizojijazia zilishapita mikononi mwa watu wa Iraki.

Kutoka hapo vekta zikawa rahisi kueleza. Njia zote 35 zina urefu wa vipande 7, na zote zinaishia palepale: 4 mashariki, 3 kaskazini. Hiyo ndiyo vekta. Ukipiga mstari ulionyooka, pembetatu ya 3, 4 na 5 inajitokeza yenyewe, na umbali wa moja kwa moja ni 5. Kuhesabu, jiometri, vekta na kujumlisha kwa kawaida vikakaa kwenye karatasi moja.

"Anko, na kona moja ikifungwa?" aliuliza mvulana aliyekulia Doha wakati barabara zikichimbwa kila upande kuelekea Kombe la Dunia la 2022. Wakaziba kona iliyo vipande 2 mashariki na 1 kaskazini, wakaiandikia sifuri, wakajaza upya. Zilibaki njia 17. Wengine walihakiki kwa kutoa: njia 3 hufika kwenye kona ile, 6 hutoka pale hadi mwisho, kwa hiyo 18 zimepotea. Vekta haikubadilika.

Siku hizi Ijumaa huanza kwa karatasi na penseli. Simu hutolewa baadaye, kuhakiki jibu. Kanuni huja mwisho, watoto wanapoiomba wenyewe, kwa sababu kujaza kona za vipande 20 kwa 15 kwa mkono kunachosha, na kufikia hapo wanajua inahesabu nini.