Mtu Akikataa Kazi, Tajiri Hupungukiwa na Nini?

Swali hili, ndugu msomaji, lilizuka barazani kwetu Kirumba, nalo halijatulia bado: mtu akikataa kazi kwa ajili ya dhamiri yake, je, tajiri huona hasara yoyote?

Mpwa wangu alikuwa amepata ukarani kwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Alipoonyeshwa jinsi mizani ilivyotegwa ili kilo za mkulima zipungue, aliaga akaenda zake. Kesho yake kiti kilikuwa na karani mwingine. Wazee wakamcheka: "Mwanetu, umemnyima nani chakula isipokuwa watoto wako?" Ni kweli, penye mikono mingi na kazi chache tajiri hakosi mtu hata siku mbili.

Lakini wakulima walimwuliza kijana sababu ya kuondoka, naye hakuwaficha. Wengine sasa hupima magunia yao nyumbani kabla ya kwenda kuuza. Tena, tajiri anayetaka karani wa kuwaibia wengine hana budi kumchagua mwizi, na mwizi huyo ndiye atakayeshika funguo za ghala yake. Hasara hiyo haiandikwi daftarini.

Mmoja wetu alisema ingekuwa heri abaki, apime kwa haki, kama Floribert Bwana Chui wa Goma. Huyu alikuwa mtumishi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Aliletewa rushwa ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite mpakani, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma.

Mimi naona mambo haya mawili hayafanani. Ofisi ya Floribert iliwekwa ili kuwalinda walaji, hata kukataa kwake kulikuwa ndiko kuitimiza kazi. Kwa mnunuzi wetu, wizi ndio uliokuwa kazi yenyewe. Kijana angepima kwa haki, angefukuzwa kabla ya jioni.

Wala viti vyao havikuwa sawa. Bila kibali cha Floribert mzigo haukupita. Wenye mali hawakuweza kumwajiri mwingine mahali pake. Iliwabidi wamwendee yeye mwenyewe na fedha zao, naye akawaambia hapana.