Kwa binti anayesoma saikolojia Dodoma

Ndugu zangu, binti wa jirani yangu hapa Sumbawanga amenipigia simu kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Yuko mwaka wa pili wa saikolojia, na kwao wanamwambia anasomea wazimu.

Nikamjibu: mwanangu, mji wetu wenyewe wazee wanasema jina lake maana yake ni tupa uchawi. Huku mtu akikosa usingizi tunamtafuta aliyemroga. Mimi nilimsomea kijana mmoja ruqya miezi mitatu, nikawazuia wazazi wake kumpeleka hospitali. Nilikosea. Ruqya ni haki, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia tujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi pamoja. Elimu hii si ngeni kwetu.

Basi usimalize miaka yako bwenini na simu. Hospitali ya Mirembe iko hapo hapo Dodoma. Waombe walimu wako njia ya kwenda kujifunza kwa macho. Swala tano usiziache. Siri ya mgonjwa ni amana, hata mama yako usimwambie.

Likizo ukija, pita nyumbani kwangu. Yule kijana bado yupo, na sijui nianzie wapi kuzungumza naye.

Wabillahi tawfiq.