Weka Chini Dodoki, Mwanangu

Tanga, Julai

Mwanangu mpenzi,

Baba yako hajambo, na maandalizi ya harusi yako ya Desemba yanakwenda vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema vipele vya mikononi vimezidi tangu uhamishiwe Njombe, kwamba unavisugua asubuhi na jioni kwa dodoki na jiwe la kusugulia miguu, na kwamba mwalimu mwenzako amekuelekeza kwa mtu anayekoroga krimu ya kung'arisha ngozi. Nimeona nisikujibu kwa simu. Nataka maneno haya uwe nayo uyasome tena utakapoanza kuyumba.

Ulicho nacho si uchafu, si damu chafu, wala hukuambukizwa na mtu. Madaktari wanakiita keratosisi pilarisi. Ngozi hutengeneza keratini, kitu kilekile kinachozipa kucha ugumu wake. Kwa watu wengine hiyo keratini huzidi kwenye tundu la unywele, ikaganda na kuliziba, na wakati mwingine unywele wenyewe hujikunja humo ndani. Ndiyo maana ukipitisha kiganja kutoka begani hadi kiwikoni unahisi kama unagusa msasa. Kwa wengine hutokea pia mapajani na matakoni, na watoto huwa nayo hata mashavuni.

Tena umeirithi kwetu. Marehemu babu yako alikuwa nayo, na baba yako mtazame mabegani akivua shati. Mzazi mmoja akiwa nayo inatosha kumrithisha mtoto. Inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya vijana wanaobalehe wanayo, na karibu watu wazima 4 katika kila 10. Kwa wengi hupungua miaka inavyosogea. Nakueleza haya kwa sababu nimeona katika ujumbe wako jinsi unavyoificha, ukivaa mikono mirefu hata siku ya jua, na imeniuma.

Sasa kwa nini imezidi huko? Ngozi ya namna hii haipendi ukavu. Ulipokuwa hapa pwani hewa yetu yenye unyevu ilikuwa inakusaidia bila wewe kujua. Njombe mwezi wa Juni hadi Agosti ni baridi kali na upepo mkavu, halafu mnajimwagia ndoo ya maji ya moto yanayotoa mvuke, mnajipaka sabuni ya mche, kisha sweta la sufu juu ya ngozi tupu. Kila kimoja hapo kinaiondolea ngozi mafuta yake au kuikwaruza.

Na dodoki ndilo limeleta hayo madoa meusi unayoyalalamikia. Ngozi nyeusi kama yetu kila inapochokozwa hujibu kwa kuongeza rangi. Unasugua, kipele kinavimba, kikipona kinaacha doa, unaona doa ni uchafu, unasugua tena. Vivyo hivyo kuvitumbua kwa kucha. Ndimu nayo usiiguse kabisa: majimaji yake yakipigwa na jua yanaweza kuiunguza ngozi na kuacha alama kwa muda mrefu. Sukari na chumvi za kusugulia nazo ziache jikoni.

Fanya hivi. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu, na usikae bafuni zaidi ya dakika 10. Tumia sabuni laini isiyo na dawa wala manukato makali, na kwa kiganja tu. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, na kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika 3 hivi, paka mafuta ya mgando au krimu nzito ili maji yafungiwe ndani. Mafuta ya nazi yanafaa pia, lakini kwa baridi ya huko mgando unashikilia zaidi. Chini ya sweta vaa fulana ya pamba.

Hayo peke yake yatatuliza. Kwa kulainisha vile vizibo, nenda duka la dawa linalosimamiwa na mfamasia uulize krimu ya urea ya asilimia 10 hadi 20, au yenye asidi ya laktiki kama asilimia 12. Mojawapo inatosha, usichanganye. Kwanza jaribu sehemu ndogo ya mkono kwa siku chache, kisha anza kupaka siku moja ukiruka moja. Kuwasha kidogo ni kawaida, ila ikichoma punguza, na usipake penye kidonda. Hiyo asidi inaweza kuifanya ngozi iungue upesi kwa jua, basi jifunike kanga ukitoka.

Hapa nakukanya kwa nguvu, maana unaishi kwa wakulima: hiyo urea ya kwenye mfuko wa mbolea usiiyeyushe ukajipaka. Jina ni moja, lakini ya dukani imesafishwa na kupimwa kwa ajili ya ngozi, na ya shambani haikutengenezwa kwa mwili wa mtu.

Utaona nafuu baada ya wiki 4 hadi 6 kama hukatishi. Ukiacha, vipele vitarudi, kwa sababu hii haiponi moja kwa moja, inatunzwa tu. Madoa yatachukua muda mrefu zaidi. Kuna pia krimu za jamii ya vitamini A ambazo daktari huandika, lakini wewe unaingia kwenye ndoa, na hizo hazipakwi kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia mimba. Kwa hiyo usizinunue kiholela.

Mkorogo, mwanangu, nakuomba kwa haki ya damu yetu, usiuguse. Katika miaka yangu ya uuguzi nimewapokea wanawake walioharibiwa nao, na wengi walianza kwa doa dogo tu. Ndani yake huwa kuna zebaki, inayoharibu figo, au haidrokwinoni, au steroidi kali zinazoifanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke michirizi na kutoa chunusi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu, ndiyo maana mtu huyo uliyeelekezwa anakoroga nyuma ya duka na kopo lake halina maandishi. Wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozibua tundu la unywele. Utabadilishwa rangi, na vipele vitabaki.

Kuhusu kusingwa, hilo niachie mimi. Nitazungumza na somo wako: liwa na singo vipakwe mikononi kwa kiganja, taratibu, visisuguliwe kwa nguvu kama desturi ya wengine. Wiki hiyo acha krimu ya urea au ya asidi ubaki na mafuta. Hina nyekundu safi sina neno nayo. Piko ndiyo siitaki. Ile ni rangi ya nywele, na nimeona bibi harusi akiingia ukumbini mikono imetoka malengelenge.

Ukiona jambo tofauti na haya, usijitibu. Muwasho mkali usiku, na mwenzako wa chumbani naye anajikuna, huo huenda ukawa upele. Usaha na maumivu ni maambukizi. Na baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa huhisi chochote, lipeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani ukoma bado upo na dawa yake hutolewa bure. Ukifika hospitali ya mkoa ulizia mtaalamu wa ngozi. Wapo waliosomea Moshi, pale KCMC, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwepo tangu 1992.

Anza na mgando usiku huu, hauhitaji kusubiri mshahara. Jumamosi pita duka la dawa, kisha nitumie picha ya maandishi ya kwenye kopo kabla hujalipa. Wakikosa hapo Njombe, nitatafuta hapa mjini nikutumie kwa basi.

Shangazi yako akupendaye