Mchungaji Analala Saa Ngapi?

Nyumbani kwetu kuna saa tisa za ukutani. Inayotembea ni moja. Nyingine ziko juu ya kabati, pamoja na picha mbili za Mlo wa Mwisho na mashati ya vitenge ambayo baba hawezi kuyamaliza kuyavaa hata akiishi miaka mia. Baba ni mchungaji wa Kilutheri, na tangu nizaliwe amehamishwa mara nne. Akiagwa anapewa saa, akipokelewa anapewa shati. Sisemi zawadi ni mbaya. Mbuzi mmoja wa kuagwa ndiye aliyenunua godoro na tranka langu la kidato cha tano, namshukuru mpaka leo.

Nayaandika haya kwa sababu feloshipu yetu hapa chuoni inachanga ili kumtia moyo mchungaji wetu wa wanafunzi, na kwenye kundi la WhatsApp mjadala mzima ni rangi ya shati. Kwa kweli, mtoto wa mchungaji akisoma mjadala ule anacheka peke yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Usharika mmoja unaweza kuwa na mitaa mitano. Mitaa inaongozwa na wainjilisti, lakini Meza ya Bwana inamsubiri mchungaji, kwa hiyo Jumapili baba akimaliza ibada ya kwanza anavaa koti na kupanda pikipiki. Katikati ya wiki kuna misiba, wagonjwa, watoto wa kipaimara, na ndoa zinazokuja sebuleni kwetu saa nne usiku zikiwa na mabegi. Simu inalia saa saba za usiku. Mara nyingi anayepiga ana sababu ya kweli, mtu amefariki. Lakini wapo pia wanaopiga kuuliza viti vya plastiki vya kanisa viko kwa nani.

Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa tunajenga kanisa. Kila Jumapili ni saruji, kila Jumapili ni ahadi, na anayesimama mbele kuomba ni mtu yuleyule aliyezika mama yako juzi. Basi, siku moja ikasukumwa barua chini ya mlango wa ofisi, haina jina, inasema mchungaji amekula hela ya mabati. Mama ndiye aliyeiona kwanza. Baba akaisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, akaenda msibani kufariji watu.

Baada ya hapo alianza kukaa sebuleni usiku, taa imezimwa. Usiku mmoja nikamsikia akimwambia mama kwamba anafikiria kurudi kufundisha shule ya msingi, kazi aliyoiacha kwa ajili ya uchungaji. Mama hakujibu. Mimi nililala macho wazi.

Aliyekuja si askofu. Ni mzee mmoja wa mtaa wa mbali, amebeba kidumu cha maziwa mgando. Mama akaandaa kiti, akijua ni shida nyingine imefika. Mzee akanywa chai, akauliza, "Baba Mchungaji, wewe unalala saa ngapi?" Baba akacheka. Kisha akashindwa kujibu.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa wakaichukua kazi ya ujenzi wote. Kamati ikapata mhazini wake, risiti zikabandikwa mlangoni, na baba akawa hagusi hata bei ya misumari. Ikatangazwa kwamba Jumatatu ni siku ya mchungaji kupumzika, isipokuwa kwa msiba na mgonjwa mahututi. Barua ya pili ilikuja, tena kali kuliko ya kwanza. Yule mzee akaisoma mbele ya baraza, akasema mwenye swali akaangalie mlangoni. Baba akabaki.

Wanafeloshipu mnaijua habari ya Yethro katika Kutoka 18, alivyomkuta Musa akiamua kesi za watu kuanzia asubuhi hadi jioni, akamshauri agawanye kazi. Mimi huwa nampenda zaidi yule malaika wa Eliya chini ya mretemu. Mtu amechoka hadi anaomba kufa, na malaika anamletea mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Safari ndiyo ikafuata.

Kuna jambo dogo ambalo watu hawalijui. "Mahubiri mazuri, Mchungaji" baba huyasikia mlangoni kila Jumapili na hayabaki. Lakini kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kumwambia kwamba baada ya ibada fulani alienda kumwomba mkewe msamaha. Baba huisimulia habari hiyo mpaka leo, mama anamalizia sentensi. Na kama mahubiri hayakukuingia, mwambie yeye, usiyapeleke kwenye kijiwe cha chips. Kumsaidia mchungaji si kumfichia, jamani. Akila hela au akisumbua mabinti, ahojiwe. Risiti za mlangoni zililinda kanisa na zilimlinda baba pia. Na mkewe aachwe avae kilemba anachotaka.

Sasa hapa chuoni. Mchungaji wetu anapigiwa bumu likichelewa, anapigiwa mtu akipata sapu, anapigiwa mtu akifungiwa nje ya hosteli. Bumu lina dawati la mikopo, sapu ina idara. Akishamaliza hayo yote, yule binti aliyefiwa na baba yake wiki ya mitihani anamkuta mtu ambaye ameshaishiwa.

Nimependekeza kwa viongozi, nao wamekubali, kwamba wanne wa mwaka wa tatu tupokee simu za namna hiyo kwa zamu, na mchungaji apelekewe zile zinazomhusu. Namba zetu ziko kwenye ubao wa matangazo wa feloshipu. Zamu ya Jumatatu ni yangu. Bumu likichelewa, nipigie mimi.