Harufu ya Noeli na Ukweli wa Dawa



Katika zawadi tatu ambazo mamajusi walimtolea Mtoto Yesu, kadiri ya Injili ya Matayo, mbili zilikuwa zawadi za harufu: ubani na manemane. Twazitaja kila mwaka kwenye Epifania, tena twawavisha watoto mataji ya karatasi ili wazichukue hadi pangoni. Lakini ni wachache wanaouliza vitu hivyo ni nini hasa.

Vyote viwili ni utomvu wa miti. Watu wa Somalia, Ethiopia na Oman huchanja gome la mti wa ubani. Utomvu mweupe kama maziwa hutiririka, hukauka juani kwa siku kadhaa, kisha hukwanguliwa ukiwa chembechembe. Manemane hupatikana kwa namna iliyo karibu na hiyo, kutoka mti mwingine wa nchi kame. Ndani ya chembe hizo mna mafuta ya kunukia, mafuta mepesi yanayoruka hewani mara yapatapo joto. Padri anapotia ubani juu ya makaa katika chetezo, mafuta hayo ndiyo yanayotufikia puani kabla moshi haujatufikia machoni.

Nimependa kuanzia hapo kwa sababu kila mwezi wa Desemba, sokoni na hata karibu na milango ya makanisa yetu, mafuta ya jamii hiyo huuzwa katika vichupa vidogo: ya mkaratusi, ya mchaichai ambao wengi wetu huuita sitroneli, ya karafuu, ya maganda ya machungwa. Wengine huyanunua ili nyumba inukie siku ya sikukuu. Wengine huyanunua kama dawa. Ningependa tuyatafakari matumizi hayo mawili kwa pamoja, kwani la kwanza ni jambo la furaha, na la pili lagusa uhai wa watu.

Nyanya yangu, mzaa baba, aliishi katika vilima vya Kabare, juu ya ziwa Kivu. Kwetu Noeli huangukia katika majira ya mvua: ukungu asubuhi, matope njiani, na nguo zisizokauka. Nyanya hakujua kichupa chochote cha mafuta. Siku ya mkesha alituma wajukuu kukata matawi ya sipre na ya mkaratusi, akayasimamisha pande zote mbili za mlango. Alfajiri ya Noeli aliinjika sufuria kubwa ya mchaichai, na mgeni aliyekuja kuleta salamu alijua tangu uani kwamba nyumba ile ilikuwa na sikukuu. Maji hayohayo yaliyonukia ndiyo tuliyokunywa na sukari. Harufu na kinywaji vilitoka katika sufuria moja, wala havikugharimu faranga.

Majani ya mkaratusi yalikuwa pia dawa yake ya mafua. Aliyachemsha, akaitoa sufuria motoni, akaiweka chini imara, na mtu mzima mwenye pua iliyoziba aliinama juu yake akiwa amejifunika kitenge. Lakini alikuwa na amri zake. Mtoto mdogo hakufunikwa juu ya maji ya moto hata siku moja, kwa kuwa alikwisha kuona watoto waliounguzwa na mvuke. Na mtoto aliyehema haraka hakuchemshiwa kitu. Alifungwa mgongoni mwa mama yake na kupelekwa kwenye kituo cha afya siku ileile, hata kama mvua ilinyesha. Nyanya alizoea kusema: «Jani hufungua pua, kifua kina mganga wake.»

Neno hilo limenifundisha maana ya desturi njema. Mkaratusi si mti wa mababu zetu. Asili yake ni Australia, nao ulipandwa katika vilima vyetu wakati wa ukoloni kwa ajili ya mbao na kuni. Basi wazee wetu waliupokea mti mgeni, wakauchunguza, wakajua unasaidia nini, na wakajua pia unakoma wapi. Desturi yao ilikuwa elimu iliyopatikana kwa kuangalia kwa makini. Anayeichukua nusu moja ya elimu hiyo, ile ya kusema «jani hili latibu», na kuiacha nusu ya pili, ile ya mipaka, hajaifuata desturi ya wazee.

Zaidi ya hayo, kichupa si sufuria. Mafuta ya mkaratusi hupatikana kwa kukenekwa: majani hujazwa katika pipa, mvuke wa maji hupitishwa kati yake, kisha mvuke huo hupita katika bomba lililopozwa kwa maji baridi. Unapogeuka kuwa maji tena, mafuta huelea juu yake na kutengwa. Kilo mia moja za majani hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Kwa hiyo kichupa kinachoenea kiganjani kimebeba nguvu ya mzigo mzima wa majani. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo, kikinywewa na mtoto, chaweza kumtia degedege na kumpotezea fahamu. Hata kuyapaka puani au usoni mwa mtoto mchanga kwaweza kumziba pumzi badala ya kumfungulia.

Miaka michache iliyopita, juma moja kabla ya Noeli, mama mmoja wa jumuiya yetu alinunua kichupa kwa mchuuzi aliyepita nyumba kwa nyumba. Mchuuzi alimwambia kwamba mafuta yale yaponya kikohozi, malaria, kisukari na utasa, tena kwamba yamekwisha kuombewa. Mwana wa mama huyo alikuwa na miezi minane, naye alikuwa akikohoa. Kwa usiku tatu alipakwa kifuani. Sisi vijana tulipopita jioni ya nne kuimba nyimbo za Noeli, nyumba ilinukia kuliko zote za mtaa ule. Mtoto alikuwa amelala mikononi mwa mama yake, amekataa ziwa tangu asubuhi. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliomba ruhusa, akafunua kifua cha mtoto, akatazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 64. Tuliacha kuimba, tukatafuta pikipiki.

Hospitalini waliona ni nimonia. Mtoto alilazwa siku tisa, Noeli yenyewe ikiwa ndani yake, kisha akapona, twamshukuru Mungu. Sikusikia mtu wa jumuiya akimlaumu mama yule, nami simlaumu. Kichupa kiligharimu kidogo kuliko fishi ya hospitali, nacho kilikuja hadi mlangoni pake, kikiwa na maneno matamu na jina la Mungu juu yake. Aliyestahili lawama ni yule aliyeuza harufu kwa bei ya tumaini.

Je, niseme basi kwamba dawa za miti ni udanganyifu? Hasha. Hapa petu Kivu kuna mashamba ya mkwinini, mti uliotoka milima ya Amerika ya Kusini, na mjini Bukavu kiwanda cha Pharmakina hutoa kwinini katika magome yake. Gome hilo limeokoa wagonjwa wa malaria wasiohesabika. Lakini kila aliyewahi kumeza kwinini ajua jinsi masikio yanavyovuma: dawa ileile, ikizidi, yadhuru. Gome liliaminika kuwa dawa baada ya kupimwa, kujulikana kiasi chake, na kutajwa ugonjwa wake mmoja. Mafuta yanayodaiwa kuponya magonjwa yote hayajapimwa kwa ugonjwa hata mmoja.

Maandiko nayo yatufundisha vivyo hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, asema kwamba Bwana ameziumba dawa kutoka katika ardhi, na mwenye akili hazidharau. Na katika sura hiyohiyo atuagiza kusali tunapougua na kumpa mganga nafasi yake. Havitenganishi vitatu hivyo: dawa, sala na mganga. Kanisa pia lina mafuta yake. Katika Misa ya Krisma askofu hubariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, na huweka wakfu Krisma, ambayo ni mafuta yaliyochanganywa na manukato. Mafuta ya wagonjwa hayauzwi, na padri anayempaka mgonjwa hamwambii aache dawa za daktari. Kama Kanisa halifanyi hivyo kwa mafuta ya sakramenti, mchuuzi ana haki gani ya kufanya hivyo kwa kichupa chake?

Najua pia kuna atakayesema kwamba katika nyakati zetu ngumu, harufu nzuri ni upotevu tu. Neno hilo si geni. Kule Betania, Maria alipompaka Yesu miguu kwa nardo safi hata nyumba ikajaa harufu, Yuda aliuliza kwa nini manukato hayo hayakuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Yesu alimtetea Maria. Basi tusione haya kuipamba Noeli. Nyumba ya maskini ina haki ya kunukia siku Mwokozi anapozaliwa.

Tufanye hivyo kwa akili. Mchaichai, maganda ya machungwa na karafuu mbili tatu katika sufuria ya maji yanayochemka polepole vyatosha kwa nyumba nzima. Mwenye kichupa atie matone mawili au matatu katika bakuli la maji ya moto, dirisha likiwa wazi, kisha akifunge na kukiweka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Wala tusiache mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa ajili ya ubani, kwa kuwa makaa hutoa sumu isiyo na harufu, na manukato hayaizuii.

Kwa upande wa wagonjwa, kila kijana aweza kujifunza kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kama kifua chaingia ndani anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya wala kunywa, kama ana degedege au haamki vizuri, usingoje asubuhi.

Mwaka huu kundi letu limekubaliana jambo moja. Sehemu ya fedha za sikukuu tutaiweka kando kwa ajili ya fishi ya mtoto atakayeugua katika jumuiya. Nasi tutawatembelea wazee watatu wasio na watu, tuwafulie mashuka, tuwatandikie mchaichai mkavu chini ya mkeka. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba wakristo ni harufu nzuri ya Kristo. Naamini mzee anayelala katika shuka safi ataelewa neno hilo bila kuhubiriwa.

Noeli njema kwenu nyote.

Kwa kutafakari katika kundi:

1. Katika familia zetu, ni dawa zipi za miti tulizorithi kwa wazee, na ni mipaka gani waliyotufundisha pamoja nazo?

2. Mtu akija kwenye jumuiya yetu akiuza mafuta kwa jina la Mungu, tutamjibu nini, na nani atazungumza na akina mama kabla hawajanunua?

3. Ni mgonjwa yupi wa mtaa wetu ambaye kwake Noeli haitafika tusipoipeleka sisi?